Ndiyo ya Mashavu

Mlango wa zahanati ulimkataa Profesa Gasto Shemweta, ukamkataa tena, na Daktari Siwatu Mhando alisimama upande wa ndani wa kioo akimtazama, wala hakuharakisha kumfungulia. Mzee alikuwa amesogeza uso mpaka karibu agonge jicho la mlango. Alivua miwani, akageuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto.

"Uso haufahamiki," mlango ulimwambia kwa adabu zake zote. "Tafadhali rudi na uso wako."

Siku hizo pale Pongwe Mpya, mtu asiyefahamika uso hakuwa mtu. Uso ndio uliofungua nyumba, ndio uliolipa sokoni, ndio uliokupandisha treni ya kwenda milimani. Ukivimba jino tu, unalala nje. Siwatu alimwacha Profesa ahangaike kidogo zaidi, maana raha kama hiyo haiji kila siku, kisha akaminya kitasa kwa mkono.

"Karibu, Profesa. Pole."

"Ahsante, binti yangu. Umeona mambo? Jana nyumbani kwangu mwenyewe nimebisha hodi kama mgeni, mpaka mama watoto akaja kunifungulia." Alicheka kile kicheko chake ambacho mji mzima ulikijua kutoka kwenye matangazo. "Na Ijumaa naapishwa kuwa mwenyekiti wa Baraza la Visu. Ukumbi nao utanikataa, nikae nje na walinzi?"

Hakumtambua. Siwatu alilitarajia hilo, lakini lilimuuma vilevile. Yeye na mdogo wake walizaliwa na mama mmoja na baba mbalimbali, majina yao hayafanani. Siku ya kesi, mbele ya Baraza hilo hilo linalowahukumu madaktari, alikaa kiti cha nyuma kabisa, na huyu bwana hakugeuka hata mara moja kuangalia ni watu gani wanaolia.

Alimkalisha, akawasha taa, akaitazama pua. Ilikuwa imeumuka hasa. Mgongo wake ulikuwa umepanda na kutanuka hadi karibu na nyusi, na ngozi iling'aa kama ya maandazi yaliyopakwa mafuta.

"Chachu," Siwatu alisema.

"Chachu," Profesa alikubali, akaona haya kidogo. "Nilijichoma mwenyewe. Uzee, binti yangu, pua inashuka. Nikasema nisimame vizuri kwenye picha."

Kwenye makaratasi ilikuwa na jina refu, lakini watu waliiita chachu na jina likashika. Zamani wauguzi wa urembo walikuwa wakichoma ute mfu chini ya ngozi, nao ukiisha unaongezwa. Chachu ilikuwa hai. Ukiichoma puani ilijifunza umbo ulilolitaka, ikajishikiza kwenye mishipa ya damu na kula humo humo, ikalishikilia umbo miaka na miaka bila kuongezwa. Taabu yake ilikuwa moja. Haikutaka kuguswa na kisu. Ikikatwa ingali hai ilishtuka, ikavimba, ikaikaba mishipa ile ile iliyokuwa ikiilisha, na pua ikafa kabla daktari hajamaliza kushona. Kwa hiyo mtu aliyetaka kupasuliwa pua alianza kwa kuchomwa dawa ya kuiyeyusha chachu, akasubiri miezi mitatu damu irudie njia zake, ndipo akalala mezani. Matangazo yalisema kwamba haikui. Sauti iliyosema hivyo ilikuwa ya huyu huyu aliyekaa kitini.

"Nataka tufuate utaratibu wote," Profesa alisema. "Keshokutwa unayeyusha, uvimbe unatoka, ukumbi unanifahamu, naapishwa. Halafu tusubiri miezi mitatu kamili. Ndipo ukate, uinyooshe. Kwangu usifanye haraka, tafadhali. Nimeshaona pua iliyoharakishwa."

Siwatu alikuwa akinawa mikono. Aliendelea kunawa.

"Ya nani?"

"Msichana mmoja, mchanganya udi. Kesi ile ilinichosha sana, magazeti kila siku, mpaka sukari ikanipanda."

"Alikufa?"

"Aa, wapi! Hakufa. Pua tu."

Siwatu alifunga bomba. Alijipangusa kidole kimoja kimoja, akampangia muda, akamsindikiza mpaka mlangoni na kumfungulia tena kwa mkono, na wakati wote huo yale maneno mawili yalikuwa yakimzunguka kichwani. Pua tu.

*

Nyumbani alimkuta Mashavu sebuleni, amekaa mkekani katikati ya vibakuli vyake. Pua yake ya kubandika ilikuwa juu ya kisahani dirishani. Akiwa nyumbani hakuivaa, alisema inamwasha, na Siwatu alikuwa ameshazoea kumwona hivyo, ule uso mzuri wa mviringo wenye mashavu yaliyompa jina, na katikati tundu mbili na kovu.

"Njoo ninusie," Mashavu alisema. "Sandali imezidi?"

Siwatu alipiga magoti, akanusa. "Kidogo."

"Nilijua. Mkono ulinitelezea." Akapunguza kwa ncha ya kijiko. Alikuwa akichanganya kwa kukumbuka. Hapo zamani wanawake wa Tanga nzima walimletea nguo za harusi azifukize, na alikuwa na uwezo wa kunusa shela na kukuambia ilikaa sanduku la nani. Sasa hata wali ukiungua jikoni hajui mpaka moshi umfikie machoni.

Siwatu alimwambia yote palepale, hakuzunguka. Mashavu aliweka kijiko chini.

"Amekuja kwako? Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake. Keshokutwa atalala kwenye kiti changu."

"Na chachu bado anayo?"

"Imejaa tele."

Wote wawili walikuwa wakikumbuka jambo moja, na halikuhitaji kusimuliwa. Siku ile Mashavu alikuwa amechomwa dawa ya kuyeyusha wiki moja tu nyuma. Alikwenda kwa Profesa kuonwa, siyo kukatwa. Profesa alikuwa na watu wamepanga foleni hadi barazani kwake. Akamlaza, akamtia ganzi, akasema ni kutazama tu. Juu ya meza palikuwa na Sikio.

Sikio lilikuwa chombo cha sheria. Bila lenyewe kisu cha mwanga hakiwaki. Daktari alimuuliza mgonjwa swali, mgonjwa akajibu kwa kinywa chake, Sikio likasikia, likaamua, likafungua kisu au likakifunga, na lilichosikia hakikupingwa na mahakama yoyote. Waliolitengeneza walikuwa watu wa mbali, walilifunza kwa lugha yao, kisha wakalimwagia Kiswahili juu juu. Kwao ndiyo ni ndiyo, jambo limekwisha, uulizwe vyovyote utakavyoulizwa.

"Chachu haijaisha?" Profesa alimuuliza Mashavu siku ile.

"Ndiyo," Mashavu alijibu, kama ambavyo ungejibu wewe, kama ambavyo angejibu mtoto wa chekechea. Ndiyo, haijaisha.

"Mgonjwa amethibitisha," Sikio likasema. "Chachu imekwisha. Kisu kiko wazi." Na Profesa akakata.

Barazani alisimama na suti yake akaapa kwamba alielewa kama Sikio lilivyoelewa. Niliuliza, alisema, akaniambia ndiyo, ningefanyaje? Mtu aliyezaliwa Lushoto na kukulia Tanga, aliyebembelezwa kwa Kiswahili, aliyetongoza kwa Kiswahili! Wakamwachia. Baada ya hapo ukatoka waraka kwamba madaktari waulize swali lililonyooka, "Chachu imekwisha?" basi, yakaishia hapo. Sikio lenyewe halikurekebishwa.

"Mkate," Mashavu alisema.

"Mashavu."

"Mkate, dada. Muulize kama alivyoniuliza, atajibu kama nilivyojibu, Sikio litakufungulia. Nani atakushtaki? Atakayekushtaki ataikuta hukumu yake yeye mwenyewe inamsubiri." Alimshika dada yake mkono. "Sikuombi kingine maishani. Na yeye anuse moshi kwa macho."

Asijidanganye mtu kwamba Siwatu alishtuka. Alikuwa ameshaliwaza hilo tangu alipofunga bomba, na lilimkaa vizuri kifuani.

*

Siku yenyewe Profesa alifika na kanzu nyeupe na harufu ya marashi ya gharama. Alimtania Nesi Mkejina, mama mtu mzima aliyemsaidia Siwatu tangu zahanati ilipofunguliwa, akampa shikamoo ya mzaha naye Mkejina akacheka. Alilala mwenyewe kwenye kiti. Mkejina akafunga kishikio cha kichwa kisimruhusu kutikisika, maana sindano ya kuyeyusha inaingia karibu na jicho, akafunga na mikono. Siwatu akamtia ganzi puani na kuizunguka. Midomo aliiacha.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu. Mkono mwepesi, ahsante."

Dawa ya kuyeyusha ilikuwa tayari kwenye sinia. Siwatu aliisogeza pembeni, akanyoosha mkono juu na kuliwasha Sikio. Taa yake ndogo ya manjano ikawaka.

Mkejina alimtazama. Kwa sindano Sikio halihitajiki. "Daktari?" alisema taratibu.

"Chachu haijaisha?" Siwatu alimuuliza Profesa.

"Ndiyo," Profesa alisema, macho ameyafumba, ametulia kabisa.

Hata pumzi haikupita.

"Mgonjwa amethibitisha," Sikio likasema. "Chachu imekwisha. Kisu kiko wazi."

Profesa alifumbua macho.

Siwatu alikuwa ameshakishika. Kisu cha mwanga hakina uzito, ni mpini tu na ule uzi mweupe mwishoni, na ulipowaka chumba kiligeuka rangi. Akauleta mpaka juu ya pua iliyoumuka. Aliona kivuli chake kwenye mboni za mzee.

"Unafanya nini? Daktari! Nimesema haijaisha!"

"Umesema ndiyo."

"Ndiyo haijaisha! Ndiyo, haijaisha! Ndiyo maana yake!"

"Sikio limesikia imekwisha."

"Sikio ni bati! Wewe ni Mswahili! Mtu akikuuliza haijaisha, ukamwambia ndiyo, nani asiyeelewa? Nani? Muulize huyu mama! Muulize mtoto!"

"Mimi nimeelewa kama Sikio lilivyoelewa," Siwatu alisema. Aliyasema maneno hayo polepole, kama yalivyosemwa barazani, na akamwona mzee anayatambua. Yalimfika moja moja. Macho yalimtoka, yakahama kutoka kwenye kisu hadi kwenye uso wa daktari, na kwa mara ya kwanza akamtazama kwa kumtazama.

"Wewe nani?"

"Dada yake Mashavu."

Nesi Mkejina alikuwa amejibana ukutani, kiganja mdomoni. "Daktari, huyu ni mgonjwa," alisema. "Yuko mikononi mwetu. Mwanangu, hata kama ni nani. Tumemfunga sisi."

Siwatu alimsikia, na alijua kwamba ni kweli. Mtu aliyekuachia uso wake na kufumba macho humtishi. Hilo alifundishwa kabla hajafundishwa kushika mkasi. Alijua pia kwamba atakapomaliza hapa, vyovyote atakavyomaliza, mpini huu hautakuwa wake tena. Hakurudisha mkono.

"Na yeye alimaanisha nini?" alimuuliza Profesa.

"Ondoa hicho kitu kwanza."

"Alipokwambia ndiyo. Alimaanisha nini?"

"Daktari, nina familia…"

Uzi wa mwanga ulishuka kidogo. Unywele mmoja wa nyusi uliungua, harufu yake ikajaa chumbani, na Profesa Gasto Shemweta alipiga ukelele.

"Haijaisha! Alimaanisha haijaisha! Nilijua! Nani hajui? Foleni ilikuwa nje, kisu kikawaka chenyewe, nikasema wiki moja, miezi mitatu, pengine haitaleta shida, wengine haikuwaletea! Nilijua! Haya, nilijua! Usikate, nakusihi, usikate, nilijua!"

Alilia. Machozi yalimtiririka hadi masikioni kwa sababu kichwa hakikuweza kugeuka. Juu yao taa ya manjano ya Sikio iliendelea kuwaka, Sikio likisikia na kuhifadhi kila neno.

Basi, jambo lilikuwa limekwisha. Alichokuwa amekikosa tangu siku ya kesi alikuwa nacho, kwa sauti ya mwenyewe, ndani ya chombo kisichopingwa. Lakini kisu kilikuwa bado wazi na mkono wake ulikuwa bado pale. Hakuna aliyemwambia Siwatu kwamba ukishapata haki, hamu ya kukata inabaki vilevile. Alitaka kukata. Alitaka aione pua ile inageuka kijani kisha nyeusi, alitaka mtu aseme pua tu. Mdogo wake alimwomba kitu kimoja maishani, na kitu chenyewe kilikuwa hapa, upana wa ukucha.

Akamtazama vizuri. Akauona ule uvimbe, na chini ya uvimbe akauona uso wa siku ile barazani, ule uliosimama na kuapa. Ndipo alipojua anautaka. Siyo kuuharibu. Aliutaka mzima, kama ulivyokuwa.

Akazima kisu.

"Mama Mkejina, nipe dawa."

Mkejina hakusogea kwanza. Halafu akaileta sinia.

"Nitakuyeyushia," Siwatu alimwambia Profesa, na sindano ikaingia pale pale inapotakiwa, mkono mwepesi kama alivyousifu. "Kesho uvimbe utakuwa umetoka. Milango yote itakufahamu. Nataka ukifika barazani wakufungulie bila taabu, na kila atakayekuangalia akukumbuke. Suti vaa ile ile."

"Utanyang'anywa kisu," Profesa alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Umemtesa mgonjwa. Hilo nalo limesikika."

"Limesikika," Siwatu alikubali. "Nitasimama pembeni yako, waanze na yeyote wanayemtaka. Kuhusu kukatwa, subiri miezi mitatu. Utafute daktari mwingine, na akikuuliza, sikiliza vizuri anavyouliza."

Alimfungua kichwa, akamfungua mikono. Profesa alijishika pua kwa viganja viwili kama mtu aliyeokota kitu chake njiani, akatoka hivyo hivyo, na mlango, ambao kwa kutoka haumuulizi mtu, ukampisha.

Nesi Mkejina alikuwa akikusanya pamba. "Mimi nitasema nilichokiona," alisema bila kugeuka. "Chote. Cha kwake na cha kwako."

"Sema, mama."

*

Mashavu alikuwa mlangoni kabla dada yake hajavua viatu. Alikuwa ameivaa pua, amejitia na wanja, kama anayengoja wageni.

"Hukumkata?"

Aliuliza hivyo, kwa sababu alikuwa ameshaisoma sura.

"Ndiyo," Siwatu alisema.

Mashavu alielewa. Akaivua ile pua, akaitupa kwenye kiti, akarudi mkekani kumpa dada yake mgongo. "Mimi ningemkata," alisema.

"Najua."

"Wallahi ningemkata, na nisingenawa mikono."

Siwatu alikaa nyuma yake. Alitoa nakala aliyoichukua kwenye Sikio, akaiweka juu ya mkeka kati ya vibakuli, akaifungua. Sauti ya mzee ikajaa sebuleni. *Mtu akikuuliza haijaisha, ukamwambia ndiyo, nani asiyeelewa? Nani?* Mabega ya Mashavu yaliganda. *Alimaanisha haijaisha! Nilijua!*

Ilipokwisha hakugeuka.

"Rudisha," alisema.

Siwatu akarudisha. Mara ya pili Mashavu alikuwa akitikisa kichwa taratibu pale penye *nilijua*. Mara ya tatu alianza kucheka, kicheko kibaya chenye kilio ndani, akajifunika uso kwa khanga, na Siwatu akamkumbatia kwa nyuma mpaka kikaisha.

"Waliniambia sijui kusema," Mashavu alisema ndani ya khanga. "Barazani. Mbele za watu. Kwamba mimi mwenyewe ndiye sikujua kujibu."

"Kesho watamsikia anayejua."

Walikaa hivyo. Kutoka jikoni moshi mwembamba ulianza kuingia, na Siwatu ndiye aliyeunusa wali. Hakuinuka.

Mashavu alijifuta macho, akaishika mikono ya dada yake iliyokuwa imemzunguka, akaigeuza, akaitazama viganja. Alikuwa ameisikia nakala mpaka mwisho, mara tatu, na Nesi Mkejina alikuwemo, na ukelele ulikuwemo.

"Na wewe," alisema, "hawatakurudishia kisu?"

"Ndiyo," Siwatu alisema.